Mshairi Kuchu na Bendi ya Jazi: Mbinu za Kughani Papo kwa Papo

Mshairi kuchu anapopanda jukwaani na wapiga jazi, anakuja na ujuzi ambao wao wanauhitaji: anajua kupima maneno. Tangu utotoni amejifunza aseme lini, ageuze kauli lini, anyamaze lini, na kwanza aangalie nani yumo chumbani. Katika maisha ya kila siku ujuzi huo unachosha na mara nyingi unaumiza. Mbele ya besi na dramu unageuka kuwa sanaa, kwa sababu jazi nayo imejengwa juu ya kusikiliza kwa makini na kuamua papo hapo.

Nasema kuchu kwa kuwa ndivyo wengi wetu Afrika Mashariki tunavyojiita: wanaopenda wa jinsia yao, wanaopenda jinsia zote, na wale ambao jinsia waliyopewa walipozaliwa haiwatoshi. Mbinu za hapa zitamfaa mshairi yeyote anayetaka kughani na bendi. Lakini nimeziandika nikimfikiria yule ambaye ndani ya shairi lake kuna jina ambalo hajawahi kulitaja mbele za watu. Kwake yeye, kuamua lini aseme na lini aiachie ala iseme ndiyo kazi yenyewe. Ukimya uliolazimishwa na ukimya uliouchagua havifanani hata kidogo, na jazi inakupa mahali pa kuuweka huo wa pili, pamoja na wenzako wa kuubeba nawe.

Umetanguliwa

Bluzi na jazi zilizaliwa na Wamarekani weusi, na kuchu walikuwemo tangu mwanzo. Mwaka 1928 Ma Rainey alirekodi “Prove It on Me Blues”, wimbo wa mwanamke anayevaa kiume na kutoka na wanawake, huku akiwaambia wanaomsema walete ushahidi. Mwaka huohuo Siti binti Saad alikuwa Bombay akiimba taarab kwenye santuri. Msikilizaji aliyelelewa na taarab na mafumbo yake hahitaji kuelezwa Rainey alikuwa anafanya nini.

Harlem nako, kwenye vilabu vya New York vya miaka ya 1920 na 1930, Gladys Bentley alipiga piano akiwa amevaa suti nyeupe na kofia ndefu ya kiume. Alichukua nyimbo zilizokuwa zikivuma na kuzibadilishia maneno palepale, ukumbi ukimtazama. Ukiitazama kazi yake vizuri utaona misingi yote tunayoihitaji: muziki ambao wote wanaujua, maneno mapya, na jicho linalousoma ukumbi.

Andika shairi lenye nafasi

Kosa la kawaida ni kuleta kwa bendi shairi lililojaa. Shairi la kitabuni linabeba kila kitu peke yake: picha, hisia, mwendo, hata hali ya hewa. Ukiliweka juu ya muziki bila kulipunguza, ala zinakosa pa kukaa na wewe unaishia kupiga kelele.

Lisome shairi lako kwa sauti, na uweke alama kila unapovuta pumzi. Kisha uanze kukata. Ondoa kwanza maneno yanayomwambia msikilizaji ahisi nini: huzuni, upweke, uchungu, shauku. Saksafoni itayasema hayo vizuri kuliko wewe. Bakiza vitu na vitendo: mlango, koti lililoning'inia, daladala ya mwisho, mkono uliogusa mkono na kuondoka haraka. Hivyo ala haziwezi kuvisema, na ndivyo msikilizaji atakavyoondoka navyo. Usishangae theluthi moja ya shairi ikienda.

Baada ya hapo tafuta pale unaposita. Kila shairi la kweli la mapenzi lina mahali ambapo sauti hukwama, na la kuchu aghalabu lina zaidi ya mahali pamoja. Usipajaze. Chora kisanduku kitupu kwenye karatasi, mahali hapohapo. Kisanduku hicho ni cha ala, na tutakirudia.

Anza na besi peke yake

Usikimbilie bendi nzima. Tafuta mpiga besi mmoja, awe na besi kubwa ya kusimama au gitaa la besi, mkae wawili tu. Besi iko chini sana, haigombani na sauti ya binadamu, na inakushikia mapigo bila kukuziba mdomo. Saksafoni ya tenor hukaa karibu kabisa na sauti ya mtu anayeongea, kwa hiyo mkiwa pamoja kwa muda wote mmoja atammeza mwenzake. Visahani vya dramu humeza herufi kama s, sh na f, na msikilizaji akikosa hizo hukosa neno zima. Dramu ikija baadaye, omba brashi badala ya fimbo.

Kabla ya kupiga noti yoyote, mwambie mwenzako shairi linahusu nini. Sema wazi: shairi hili ni la mwanamume ninayempenda, shairi hili ni la siku niliyoacha kuvaa nguo walizonichagulia. Wanamuziki wengi watakuuliza tu wimbo uko kwenye ufunguo gani, na kazi itaendelea. Akiwepo asiyeridhika, ni heri umjue mazoezini kuliko jukwaani. Mtu asiyeweza kulisikia jina la mpenzi wako hawezi kukushikia ukimya wako.

Tathlitha juu ya bluzi

Sasa tuingie kwenye hesabu, maana hapa ndipo ushairi wa Kiswahili unapoonyesha kuwa uko tayari kwa kazi hii.

Bluzi ya kawaida ina hatua 12, na kila hatua ina mapigo 4. Mzunguko mmoja basi ni mapigo 48, nayo yamegawanyika katika mafungu matatu ya hatua 4. Mkienda mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, mzunguko unachukua sekunde 24 na kila fungu sekunde 8. Mshororo wa mizani 16, ukighaniwa kwa mwendo wa mizani 2 kwa kila pigo, unachukua mapigo 8, yaani hatua 2, yaani sekunde 4. Kila fungu basi lina nafasi ya mshororo mmoja na jibu la ala lenye urefu uleule. Mafungu ni matatu, na ubeti wa tathlitha una mishororo mitatu. Umbo letu na umbo lao vinakutana bila kulazimishwa.

Chukua ubeti huu nilioutunga kwa ajili ya zoezi:

Mlangoni nimefika, usiku umetulia,
Jina lako kutamka, ulimi wanizuia,
Basi besi itashika, pale nitapoachia.

Hatua ya 1 na ya 2, ghani mshororo wa kwanza. Hatua ya 3 na ya 4, nyamaza kabisa, besi ijibu. Hatua ya 5 na ya 6 ni za mshororo wa pili, ya 7 na ya 8 ni za besi. Mshororo wa tatu uko hatua ya 9 na ya 10, na ndani yake umemkabidhi mwenzako kazi kwa maneno: anajua kwamba hatua mbili za mwisho ni zake na kwamba anashika kile ulichokiacha.

Sikiliza pia mkazo unapoangukia. Katika Kiswahili mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kwenye “nimefika” ni *fi*, silabi ya 7 ya mshororo. Kwenye “umetulia” ni *li*, silabi ya 15. Kwa mizani 2 kwa kila pigo, silabi zote mbili zinaanguka kwenye pigo la nne la hatua yake. Na pigo la pili na la nne ndiyo mapigo ambayo mpiga dramu wa jazi huyakanyaga kwa visahani vya mguuni. Mkazo unaotangulia vina vyako, cha kati na cha mwisho, unaangukia palepale mguu wake unaposhuka. Ghanini hivyo mara kadhaa, taratibu, mpaka mwili uzoee.

Ukishazoea, vunja. Ukighani mizani 2 kwa kila pigo tangu mwanzo hadi mwisho, utasikika kama mtoto anayekariri darasani. Chelewesha *fi* kidogo nyuma ya pigo, kama Billie Holiday alivyokuwa akichelewesha maneno yake huku bendi ikiendelea mbele. Bana ukwapi, ile nusu ya kwanza ya mshororo, unyooshe utao, nusu ya pili. Anza mshororo wa pili ndani ya nafasi ya besi, kisha ughairi. Kwa kuwa hesabu iko mwilini, kila unapoiacha msikilizaji atahisi umeiacha kwa makusudi.

Tarbia nayo ina mahali pake. Ubeti wa mishororo minne ya mizani 16 unajaza hatua 8 bila pengo. Nyimbo nyingi za jazi, ukiwemo “Take the ‘A’ Train” wa Billy Strayhorn, zina hatua 32 katika mafungu manne ya hatua 8: la kwanza, la pili na la mwisho yanafanana, la tatu linabadilika. Ghani ubeti kwenye fungu la kwanza, liachie ala la pili, kisha ubeti unaogeuza habari uuweke kwenye la tatu, pale muziki wenyewe unapogeuka. Fungu la mwisho utaamua palepale: urudi na ubeti, au uwaachie wao wamalize.

Andika maelekezo pembeni ya shairi

Mwaka 1958 mshairi Langston Hughes alirekodi “The Weary Blues” akisoma mashairi yake, sehemu moja ikiwa na bendi iliyopangwa na Leonard Feather na nyingine akiwa na Charles Mingus. Mwaka 1961 akatoa kitabu “Ask Your Mama”, ambamo pembeni mwa mashairi aliandika maelekezo ya muziki: ala gani iingie, muziki wa aina gani, wapi kuwe kimya. Mshairi aliandika shairi na ramani ya bendi kwa pamoja.

Fanya vivyo hivyo. Gawa ukurasa safu mbili, maneno kushoto, kazi ya bendi kulia. Andika jambo ambalo mtu anaweza kulifanya: “besi peke yake”, “dramu kwa brashi, hatua 4”, “wote kimya, hesabu 8”, “saksafoni inachukua jina”. Epuka maelekezo kama “kwa hisia kali” au “kwa huzuni”, kwa sababu kila mpigaji ana huzuni yake na zikikutana bila mpango zinakuwa kelele. Kila mmoja apate nakala. Baada ya mazoezi mawili matatu mtaona mnaiangalia karatasi mara chache, na hapo ndipo mmeanza kupiga jazi.

Mpe saksafoni mizani yako

Mwaka 1957 Duke Ellington na Billy Strayhorn walitoa “Such Sweet Thunder”, albamu iliyotokana na kazi za Shakespeare. Vipande vinne vya albamu hiyo vinaitwa soneti, na muziki wake umefuata soneti kwelikweli: virai 14 vya noti 10 kila kimoja, sawa na mishororo 14 ya silabi 10. Strayhorn aliishi New York bila kuficha kwamba anapenda wanaume, katika miaka ambayo wanamuziki wachache sana walithubutu. Kwa miaka mingi alifanya kazi nyuma ya jina la Ellington, na sehemu kubwa ya muziki ambao dunia iliusifu kwa jina la mwenzake ilitoka mkononi mwake.

Zoezi linalotokana na kazi yao ni hili. Mpe mpiga saksafoni, tarumbeta au piano ubeti wako. Mwombe aupige bila wewe kusema neno: noti 8, pumzi, noti 8, kwa kila mshororo. Achague noti mwenyewe, ila mizani na mkazo viwe vya shairi. Kisha wewe ghani, yeye anyamaze. Mwisho mgawane mshororo: wewe sema ukwapi, yeye apige utao. Ukisema “Jina lako kutamka” na saksafoni ikamalizia kwa noti 8, aliyesikia mshororo mzima mzunguko uliopita ataujaza mwenyewe moyoni. Kile kisanduku ulichokichora sasa kina mkazi.

Kubuni kunahitaji makubaliano

Wasiojua hudhani kubuni papo hapo ni kila mtu kufanya atakalo. Wapiga jazi hukubaliana mambo machache kabla, ili mengine yote yawe huru. Nanyi kubalianeni haya.

Kwanza, mnaanzaje. Sauti yako peke yako, au besi mizunguko miwili ndipo wewe uingie?

Pili, mnamalizaje. Chagueni mshororo mmoja ambao ukirudiwa mara ya pili kila mtu anajua ni mwisho. Kwenye ubeti wetu ungekuwa wa tatu. Shairi lililoghaniwa vizuri likikosa mwisho unaojulikana hupoteza nusu ya nguvu yake wakati watu watatu wakitazamana.

Tatu, ishara. Kiganja juu, wote wanyamaze. Mkono kifuani, turudi mwanzo. Kumtazama mtu machoni, ni zamu yake. Tatu zinatosha.

Nne, abadilike mmoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha maneno, besi ibaki ilipo. Besi ikihama, wewe rudia mshororo.

Na ukisahau maneno, rudia mshororo wa mwisho uliousema. Urudie tena kwa sauti ya chini, kisha kwa mkazo mwingine, mpaka uwe kibwagizo. Bendi itadhani umeamua, na baada ya mara tatu utakuwa umeamua kweli.

Kubuni maneno yenyewe hujifunzwa nyumbani. Chagua kina kimoja kila asubuhi, tuseme *-ika*, uorodheshe vitenzi vinavyoishia nacho, halafu utunge mshororo juu ya kitu kilicho mbele yako: sufuria, viatu, ujumbe usiojibiwa. Washairi wetu wamejibizana kwa beti tangu zamani, kwa hiyo tafuta wa kujibizana naye hata kwa ujumbe wa sauti kwenye simu. Ukiwa peke yako, gonga meza na ughani juu yake. Cecil Taylor, mmoja wa wapiga piano wakubwa wa jazi huru, aliwahi kurekodi albamu nzima ya ushairi, “Chinampas”, mwaka 1987, bila kugusa piano: sauti yake, ngoma na kengele basi.

Nini useme, nini uiachie ala

Kiswahili kinakupa kitu ambacho mshairi wa Kiingereza hana. Viambishi vyetu vya nafsi havitaji jinsia. Unaweza kughani shairi zima la mapenzi, kutoka salamu hadi kitandani, na asijue mtu kama unayempenda ni mwanamume au mwanamke. Nomino ndiyo inayofichua, nayo uko huru kuichagua.

Itumie nafasi hiyo kwa mpango. Chukua mshororo unaomtaja mpenzi, uuandike kwa namna tatu zenye mizani sawa. Mshairi mwanamke anaweza kuwa na hizi: “Aningoja kituoni”, “Binti yupo kituoni”, “Mke wangu kituoni”. Kila kipande kina mizani 8, kwa hiyo bendi haitambui tofauti na hesabu haivunjiki. Zikariri zote tatu. Jukwaani, ukishausoma ukumbi, utachagua. Unaweza kuanza na ya kwanza mzunguko wa kwanza na kuishia na ya tatu mzunguko wa mwisho, na kupanda huko peke yake kukawa ndiyo hadithi.

Jiulize kila mara: leo ninanyamaza kwa sababu shairi linataka, au kwa sababu naogopa? Majibu yote mawili yanakubalika. Woga wakati mwingine unaona hatari ya kweli. Ila ujue ni upi, kwa kuwa wasikilizaji husikia tofauti hata wasipoweza kuieleza. Waliotutangulia walichukua njia mbalimbali. Hughes hakutangaza mapenzi yake maisha yake yote, na mwaka 1989, miaka 22 baada ya kifo chake, Isaac Julien akatengeneza filamu “Looking for Langston” iliyomweka katikati ya historia ya wanaume weusi wanaopendana. Taylor alikataa kufungiwa ndani ya neno moja. Mshairi Essex Hemphill alisema kila kitu, kwa jina lake, kwa sauti kavu. Usimruhusu mtu akuambie kwamba mmoja wao tu ndiye aliyekuwa jasiri.

Kuna ukimya mmoja usio na mjadala. Jina la mpenzi wako halisi, shule aliyosoma, mtaa anaokaa, visiingie kwenye shairi bila ridhaa yake. Kujitaja ni haki yako. Kumtaja mwenzako ni haki yake.

Na usilete majonzi peke yake. Bendi ikipewa huzuni tupu itapiga polepole usiku kucha, na ukumbi utaondoka ukiamini kwamba maisha yetu ni msiba. Andika pia shairi la siku mliyopika pilau na majirani wakaja kula, la kucheka mpaka machozi, la mwili uliopendwa vizuri. Liweke juu ya mwendo wa mapigo 200 uone dramu itakavyokujibu.

Sauti mbili

Washington, miaka ya 1980, Hemphill alikuwa akipanda jukwaani na Wayson Jones na Larry Duckett katika kundi lililoitwa Cinque. Walizipanga sauti zao kama ala: mmoja anasema, mwingine anarudia nyuma yake, maneno yanapandana na kuachana. Ukitazama “Tongues Untied”, filamu ya Marlon Riggs ya mwaka 1989, utausikia ushairi wa namna hiyo ukibeba filamu nzima.

Kama una rafiki mshairi, jaribuni na ubeti mmoja. Mwanzo, aanze mapigo mawili nyuma yako kwa maneno yaleyale. Mzunguko wa pili, wewe sema ukwapi tu, yeye utao tu. Mzunguko wa tatu, mmoja aghani na mwenzake anong'one lile neno moja ambalo mghani analiruka. Kwa mshairi ambaye bado hawezi kulisema neno hilo mwenyewe, kulisikia likisemwa na rafiki anayempenda, juu ya muziki, mbele za watu, kunaweza kumbadilisha.

Siku ya shoo

Fika mapema ukazungumze na fundi mitambo. Mwombe sauti yako isikike juu ya ala zote katika spika za ukumbi, na besi isikike vizuri katika spika inayokuelekea wewe, kwani ndiyo inayokuongoza. Maiki iwe kama ngumi moja kutoka mdomoni. Ukitaka kunong'ona isogelee, ukipaza sauti irudi nyuma. Ghani ubeti mzima wakati wa kupima sauti, bendi nzima ikipiga kwa nguvu watakayoitumia. Kuhesabu “moja, mbili, tatu” hakumwambii fundi chochote kuhusu shairi lako.

Halafu usalama, nao usiuchukulie kama jambo la pembeni. Sheria za Kenya, Tanzania na Uganda bado zinaadhibu mapenzi ya jinsia moja, na sheria ya Uganda ya mwaka 2023 inaadhibu hata kinachoitwa kuyahamasisha, kwa kifungo kinachoweza kufika miaka 20. Hata kama unaghani Berlin au Minneapolis, video ya simu inafika nyumbani kabla hujashuka jukwaani. Ubaoni au kwenye tangazo, sema mapema kama kurekodi kunaruhusiwa. Waulize wanabendi mmoja mmoja kama wako tayari kuonekana. Mpiga besi mwenye pasipoti ya nyumbani na mama anayemsubiri Desemba ana haki ya kusema asionyeshwe uso. Ujue mlango wa pili uko wapi, na nani anakusindikiza ukimaliza. Sauti pekee, bila picha, inaweza kutosha kwa kumbukumbu.

Gladys Bentley mwenyewe, aliyeitikisa Harlem kwa suti yake nyeupe, alichapisha makala katika jarida la Ebony mwaka 1952 akisema ameacha maisha yale, wakati Marekani ilipokuwa ikiwawinda watu kama yeye. Kipaji chake hakikumkinga. Sanaa hii inakupa nguvu nyingi, lakini kinga yako itatoka kwa watu na mipango: marafiki ukumbini, mwenye ukumbi anayeeleweka, na bendi iliyokubali kwa moyo.

Anza wiki hii

Chagua ubeti mmoja wa tathlitha. Ukate, ukichore kisanduku, umtafute mpiga besi. Ghanini mizunguko minne ya bluzi: wa kwanza ubeti wote, wa pili besi peke yake, wa tatu ukiacha wazi mahali pa kisanduku, wa nne ukiamua palepale kama utapajaza. Kwa mwendo tulioutumia hapa, hiyo ni dakika moja na sekunde 36. Rekodi kwa simu yako, na ukisikiliza usijali ulipojikwaa. Sikiliza ule mzunguko wa tatu: je, ukimya wako unasikika kama wa mtu aliyekatizwa, au wa mtu aliyeamua? Rudieni mpaka uwe wa pili.

Mkifikia hapo mna shoo. Na siku mtakapopata ukumbi na watu, tenga mizunguko michache kwa ajili ya mshairi kuchu mwingine ambaye hajawahi kushika maiki. Mtangulizie kile ambacho wewe ulikitafuta kwa muda mrefu: besi inayomsubiri, bendi inayojua anachokisema, na watu waliokuja kumsikiliza.